Bomba Linalokohoa

"Binti, mwanangu ananiambia unafundisha muziki. Shule gani?"

Fundi aliweka kikombe chini. Simu ilikuwa bado mkononi, na ujumbe alioutuma mchumba wake walipofika getini ulikuwa unamkodolea macho: "Mpenzi, baba akikuuliza kazi, sema mwalimu. Nakuomba sana."

Miaka miwili anaitwa malkia, kumbe anaonewa aibu! Moyo ulimuuma, lakini shingo hakuinamisha.

"Sifundishi, baba. Mimi ni fundi. Natengeneza vinanda vya mabomba, vile vikubwa vya kanisani."

Mchumba alitazama zulia. Mzee, mpiga kinanda mstaafu, akacheka kwa pua.

"Fundi! Haya, sikiliza hii."

Akabonyeza kinasa sauti. Kinanda kilinguruma sekunde kumi na tisa, kikakatika.

"Marehemu mke wangu huyo. Kanibakizia hiki kipande tu. Ni tungo ya karne tatu nyuma, jina silijui. Inalia kwenye noti ya la, na miaka kumi na moja nimepekua kila tungo ya la kwenye vitabu vyake. Maprofesa nao wamenyoosha mikono."

"Rudia, baba."

Alirudia mara tatu. Mara ya nne fundi akatabasamu.

"Umesikia? Kabla ya noti ya chini, bomba linakohoa. Bomba hilo nalijua, nimelipakata mwenyewe kanisani mwezi uliopita, bado sijalitibu. Kinanda hicho ni cha kizamani, kinalia juu kuliko vya leo. Ukisikia la, kitabuni ni so, noti moja chini. Masikio yako makali mno, baba. Yangekuwa mabovu kidogo ungeshaipata!"

Mzee akamwonyesha rafu. Fundi akashusha vitabu vya marehemu, akapekua tungo za so moja baada ya nyingine huku kinasa kikilia. Kwenye kitabu cha tatu kidole kikasimama.

"Hii hapa. Utangulizi wa Sita."

Pembeni paliandikwa kwa penseli: "Taratibu hapa, mguu wa kushoto."

"Mwandiko wake," mzee alisema, machozi yakamtoka waziwazi.

Fundi akachukua mkoba, akatoka. Mchumba alimkimbilia hadi barazani.

"Nisamehe. Niliogopa atakudharau."

"Baba yako hakunijua. Wewe ulinijua, ukanificha."

"Nifanye nini sasa?"

"Rudi ndani, umwambie unamuoa nani. Nikusikie nikiwa hapa."

Alirudi. Dirisha lilikuwa wazi.

"Baba, nilikudanganya kwa woga wangu! Namuoa fundi wa vinanda, na najivunia!"

"Usinipigie kelele, masikio ninayo. Mwite mkwe wangu aingie, chai inapoa."

Kwenye kadi za harusi mzee aliamuru liandikwe neno moja chini ya jina la bibi harusi: Fundi. Siku yenyewe alikaa kwenye kinanda kilekile alichopiga marehemu mkewe, akampigia Utangulizi wa Sita mwanzo hadi mwisho.

Katikati bomba likakohoa. Wageni wakageuka kutazama, na bibi harusi akacheka kwa sauti. Mzee alikuwa amemkataza kulitibu.