Kulipia Kitanda cha Marehemu

Gricelda alikuwa amefunga humita ya kumi na saba, kifurushi cha mahindi cha kuchemshwa, simu ilipolia. Mikono yake ilikuwa imejaa mahindi mabichi yaliyosagwa. Aliibonyeza simu kwa kiwiko, akaiacha izungumze juu ya meza. Yeye aliendelea na kazi: alikunja ganda la hindi, akaweka mahindi katikati, akafunga kiunoni kwa uzi wa ganda lenyewe.

Aliyepiga alikuwa Yanina, binti wa ofisi ya safari. Alikuwa na sauti ya upole. Alimkumbusha Gricelda kuhusu safari ya Februari. Watu kumi na wawili tu wangetoka mjini kwao Arica, wavuke mpaka wa Peru, waende Arequipa kwa siku tano. Huko wangekula vyakula vya mji ule na kufundishwa kuvipika. Gricelda alikuwa amelipa kianzio siku sita zilizopita. Sasa, Yanina alisema, kulikuwa na jambo dogo lililobaki.

"Jambo gani, binti?"

"Nyongeza ya chumba, mama. Bei ya kwenye tangazo ni ya mtu anayelala chumba cha watu wawili. Wewe uko peke yako. Kwa hiyo unalipia na kitanda cha pili."

"Kwenye hicho kitanda cha pili atalala nani?"

"Hakuna mtu, mama."

Gricelda aliweka humita chini. "Mume wangu Eleuterio yuko makaburini, huu mwaka wa sita. Unataka nimlipie kitanda Arequipa?"

Yanina alisema kwamba mwisho wa kulipa ni Ijumaa.

Nyongeza yenyewe ilikuwa peso laki mbili, karibu pensheni yote ya Gricelda ya mwezi mmoja. Alikaa akilitazama sufuria la maji lililokuwa likichemka bure. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amepika katika jiko la shule. Orodha ya chakula ilikuwa ikija kwenye karatasi kutoka juu, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Alipokaribia kustaafu alijiwekea lengo moja. Mara moja tu maishani mwake, alitaka kusimama katika jiko la mwanamke mwingine, wa nchi nyingine, amuulize kwa nini anafanya hivi na si vile. Alikuwa ameweka akiba miaka miwili kwa ajili hiyo. Sasa aliona safari ikimponyoka kwa sababu ya godoro lisilo na mtu.

"Ungekuwa na mume mlevi anayekoroma, wangekupunguzia," alisema Nolfa, rafiki yake, aliyekuwa akimsaidia kufunga. "Umekosa mume, wanakutoza faini."

"Si faini, ni matusi," alisema Gricelda.

Nolfa alitoka hadi kwenye ukuta wa uani, akamwita jirani. Mzee Nolberto alikuwa ameendesha mabasi ya watalii kuvuka mpaka kwa miaka kumi na minane. Alikuja na miwani yake, akaomba karatasi zote, akakaa kuzisoma. Alisoma polepole. Alisoma hata nyuma ya ukurasa wa mwisho, mahali ambapo Gricelda hakujua kuwa kuna maandishi.

"Kwanza tuwatendee haki," alisema. "Hoteli inauza chumba, haiuzi kitanda. Chumba kina bei ileile, awe ndani mtu mmoja au wawili. Hapo hawakudanganyi."

"Kwa hiyo uko upande wao, Mzee Nolberto?"

"Subiri, Bi Gricelda. Tangazo linasema bei ni 'kuanzia'. Umeliona neno hilo?"

Gricelda alichukua tangazo, akalisogeza karibu na dirisha. Lilikuwepo. Lilikuwa dogo kama chawa, juu ya tarakimu kubwa nyekundu.

Nolberto alieleza kwamba bei ya 'kuanzia' ni bei ya mtu ambaye kila kitu kimemwendea sawa: ana wa kulala naye chumbani, anakwenda wiki isiyo na watu, hali chakula cha ziada. Mtu akiliona neno hilo, aulize palepale bei yake yeye ni ngapi mpaka mwisho, na jibu aandikiwe. Asiwe na haya ya kuuliza. Kisha aliweka kidole kwenye mstari mwingine. Milo iliyolipiwa ilikuwa vifungua kinywa vitano na chakula cha mchana kimoja.

"Safari ya kula," alisema Nolfa, "na chakula hakimo."

"Na somo la upishi ni la saa moja, katika ukumbi wa hoteli," Nolberto aliendelea. "Mpishi anapika, ninyi mnatazama. Mimi nimewapeleka watu huko mara nyingi. Nilikuwa nawasubiri nje kwenye basi. Walikuwa wanatoka na njaa."

Gricelda alihisi masikio yake yakipata moto. Lakini Nolberto alikuwa hajamaliza. Aliuliza kwa sauti ileile ya chini kama alikuwa anaenda hasa kwa ajili ya mchuzi wa kamba wa mto, ule uliopigwa picha kwenye tangazo. Gricelda alisema ndiyo, huo ndio uliomvutia.

"Februari uvuvi wa kamba hao umefungwa. Wanaachwa wazaane, mpaka Machi iishe. Watakupa wa barafu, au wa magendo. Au watakupa picha."

Hapo Gricelda alisimama. Alikuwa amechagua Februari kwa mazoea tu, kwa sababu shule hufungwa Februari. Alikuwa mstaafu wa miezi minane na bado alikuwa akiishi kwa kengele ya shule. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilikubali. Lakini waliochapa tangazo walijua habari za kamba, na walinyamaza.

Nyuma ya ukurasa wa mwisho iliandikwa kwamba aliyejitoa ndani ya siku kumi hurudishiwa kianzio chake. Asubuhi iliyofuata Gricelda alikuwa mlangoni mwa ofisi kabla haijafunguliwa, na barua mkononi. Yanina alisema meneja hayupo. Gricelda alisema ana siku nzima, na akavuta kiti. Gricelda alimsalimu vizuri kila mteja aliyeingia, akamuuliza kama anasafiri peke yake, kisha akamwonyesha neno 'kuanzia' kwa kidole. Alipofika mteja wa nne, meneja alipatikana. Gricelda alirudishiwa fedha yake yote.

"Nasikitika umekasirika, mama," alisema Yanina akimfungulia mlango.

"Usisikitike wewe, binti. Andikeni bei ya mjane kwa herufi kubwa kama mlivyoandika ya wengine. Sina lingine."

Safari waliipanga wenyewe, jikoni kwa Gricelda, kwa majuma matatu. Nolberto aliwaambia wawe wanne. Wanne wanajaa teksi moja na meza moja, na wanagawana vyumba viwili bila mtu kubaki na kitanda cha ziada. Walioongezeka kwa Gricelda na Nolfa ni Hilaria na Prosperina, waliopika na Gricelda katika jiko la shule. Waliamua kwenda Aprili. Walitafuta nyumba ya familia karibu na soko, si hoteli ya kwenye uwanja mkuu wa mji. Kwa mchana wangekula supu ya siku, kwa sababu Arequipa kila siku ya juma ina supu yake, na sahani yake inashibisha. Kwa somo, Nolfa alimpigia simu moja kwa moja mwenye mgahawa mmoja wa huko, Bi Saturnina, wakaelewana bei ya siku mbili jikoni kwake, viungo vikiwemo. Nolberto aliwasisitizia jambo moja: wamwombe arudie bei kwa ujumbe wa maandishi. Alirudia. Hesabu nzima ilikuwa chini ya nusu ya bei ya ofisi.

Mpakani walinyang'anywa ndimu za Hilaria, kwa kuwa matunda hayaruhusiwi kuvuka. Njiani, katika basi lililotumia saa sita kutoka Tacna, mji wa kwanza baada ya mpaka, Gricelda alimsimulia dereva habari za kitanda. Alimsimulia na mama wa kiti cha nyuma.

"Shoga, na hiyo hasira umevuka nayo?" aliuliza Nolfa. "Forodha hawakuikuta?"

"Hawakunipekua vizuri."

Ijumaa, mgahawani kwa Bi Saturnina, walikula mchuzi wa kamba, kamba wabichi wa siku ile, na vichwa vyao. Gricelda alikula mpaka bakuli likaisha. Kisha aliuliza maswali kumi na moja. Bi Saturnina alijibu tisa, na mawili akacheka tu.

Jumamosi alasiri aliwapa aproni. Gricelda alisaga pilipili kwa jiwe lililokuwa zito kuliko mtoto wa miaka miwili. Wenzake walikata nyama ya nguruwe, wakapasua vitunguu na kusugua majani makavu kwa viganja. Vyote viliingia katika chungu kirefu, na juu yake ikamwagwa chicha, pombe ya kimea cha mahindi ya zambarau. Gricelda alikwishachukua kiberiti.

"Unawasha nini?" aliuliza Bi Saturnina.

"Moto, mama. Nyama iko tayari."

"Wewe ndiye uliye tayari. Nyama bado inalala."

Gricelda aliuliza kwa nini italala, na italala kwa muda gani. Bi Saturnina alimweleza polepole, kama mtu mwenye wakati: chicha inahitaji usiku mzima kuingia ndani ya mfupa, na chakula hiki ni cha Jumapili alfajiri, watu wakitoka kwenye ibada ya kwanza. Mtu akifanya haraka, mchuzi utakuwa na ladha yake, na nyama na yake.

Kisha alifunika chungu kwa kitambaa, akaweka sahani juu yake.

"Saa kumi na moja alfajiri muwe hapa wote wanne," alisema. "Moto atauwasha huyu mwenye maswali."

Gricelda alikirudisha kiberiti kwenye rafu. Alivua aproni, akaikunja, na hakuitundika msumarini pamoja na nyingine. Aliondoka nayo kwapani, tayari kwa alfajiri.