Kadi Hazina Mchumba

Walikutana stendi kuu, asubuhi ya watu kukanyagana. Kisigino cha kiatu chekundu cha bibie mmoja kilinasa kwenye mlango wa basi, na fundi breki wa shirika la mabasi ya umma, ovaroli la bluu na macho ya uchokozi, akapiga magoti kukinasua.

"Basi limekupenda, dada. Halitaki kukuachia."

"Na wewe?"

"Mimi ndiyo sina breki kabisa."

Miezi mitatu baadaye wakaitana roho. Bibie alikuwa mwandishi wa miswada bungeni, na mezani kwake ulilala muswada wa kulirekebisha shirika lile lile. Kifungu cha tisa kilitaka wakaguzi wa mabasi wasiteuliwe tena na mkurugenzi wanayemkagua.

Kisha fundi akaitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati. Kanuni ilimtaka mwandishi atangaze uhusiano wake na shahidi, na asizungumze naye. Bibie akaogopa kunyang'anywa muswada, akaifuata nusu ya pili tu: hakutangaza, ila aliacha kuzungumza naye. Wiki mbili hakupokea simu. Fundi akaazima simu ya mfanyakazi mwenzake, akampata.

"Roho yangu, unanionea aibu kwa sababu ya grisi?"

"Siwezi kuongea."

"Au mkurugenzi kakufikia?"

Simu ikakatwa. Iliwauma wote wawili.

Siku ya kamati fundi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likasimama. Alionyesha kadi za ukaguzi wa breki: yeye kaandika "mbovu", mkurugenzi kaandika juu yake "nzima" na kuweka sahihi. Mwanasheria wa shirika akainuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, shahidi huyu na mwandishi wa muswada ni wapenzi. Kifungu cha tisa kimepikwa faragha!"

Mwenyekiti akamgeukia fundi. "Unamfahamu?"

Fundi akamtazama bibie, aliyeketi pembeni ya kamati na kalamu yake. Akisema ndiyo, mwenzake ameharibikiwa.

"Simfahamu."

Neno lile lilimchoma bibie kuliko simu zote alizoacha ziite. Akasimama.

"Ananifahamu, mheshimiwa. Nilipaswa kutangaza, nikanyamaza. Kosa ni langu. Breki bado ni mbovu."

Akaweka kalamu mezani, akatoka.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, viatu mkononi, fundi alipomfikia.

"Kifungu?" aliuliza bila kuinua uso.

"Kimebaki. Mwenyekiti kasema kadi hazina mchumba, na sahihi ni ya mkurugenzi mwenyewe. Mimi nimepewa onyo kwa uongo. Muswada kapewa mwenzako."

Bibie akacheka, machozi yakamtoka. "Nisamehe. Nilikupenda na muswada nikaupenda, nikashindwa kuchagua."

"Ungeniambia ningesubiri, mpenzi. Mimi fundi, nimezoea kungoja vipuri."

"Kwa hiyo hunifahamu?"

"Bado. Nipe miaka arobaini. Nikuoe nikufahamu."

Bibie akafuta macho, akatoa simu, akampigia mama yake.

"Mama, keti kwanza. Kuna mtu natakiwa kumtangaza."