Ugonjwa Usio wa Tulia

"Mume wangu, mbona unamenya ndizi kama unachuna mbuzi?"

Obed hakucheka. Ni mjukuu wangu, kijana wa miaka ishirini na sita, na utani huo tumeuzoea tangu anatambaa. Akaweka kisu chini, akanipa simu.

"Soma, Bibi."

"Soma wewe. Macho yangu nayatunzia wanaume wazuri."

Akasoma ujumbe wa Tulia, mchumba wake wa kijiji cha Masoko:

"Mama yako kasema ukoo wenu hauchukui mwenye kifafa. Sikulaumu. Jumamosi nilianguka mbele ya klabu nzima, povu mdomoni, uliona mwenyewe. Tafuta mwenye afya. Nakupenda."

"Kwani kwao kuna kifafa?"

"Hakuna."

"Alikunywa nini?"

"Bia mbili tu."

"Bia mbili! Mimi babu yako alinikuta nimemaliza chungu cha pombe ya kimpumu, na bado nilimshinda kucheza."

Akainamisha kichwa. Nikaacha utani.

"Obed. Sema."

"Nilimtilia kidonge cha kulevya kwenye bia. Mimi na rafiki yangu Nelson tumezoea kumeza kila wikiendi, hatudhuriki. Tulia alikuwa anasinzia, anataka kwenda kwao. Nikasema achangamke kidogo."

"Anajua?"

"Hajui. Nikimwambia ataniacha."

"Ameshakuacha, mwanangu. Ila kaondoka na ugonjwa usio wake. Nani atamuoa tena hapa Rungwe?"

Akalia. Nikamwacha alie, maana machozi hayaui. Halafu nikamrudishia simu.

"Piga. Weka sauti kubwa."

Tulia akapokea.

"Tulia, huna kifafa. Nilikuwekea kidonge kwenye bia."

Nikasikia kuku wa kwao tu.

"Wiki nzima mama ananichemshia mizizi," akasema taratibu. "Wiki nzima naogopa kufunga macho, nisije nikafa usingizini. Na kila siku unanitumia 'pole mpenzi'."

"Nisamehe."

"Kamwambie mama yako. Kisha njoo huku useme mbele ya wazazi wangu na majirani. Mchana kweupe, ukiwa hujanywa wala kumeza kitu."

"Halafu utanirudia?"

"Halafu watu watajua mimi ni mzima. Zaidi ya hapo usiniulize."

Alimwambia mama yake, na yule mama, mwenye mdomo kuliko redio, siku hiyo alijifunika khanga usoni. Kesho yake nikamsindikiza Obed Masoko. Alisema yote, amesimama mbele ya wazazi na majirani. Baba yake Tulia hakumpiga. Alisema tu, "Nimesikia," akaingia ndani.

Tulia akatutoa mpaka barabarani.

"Ndaga fijo, Bibi," akanishukuru kwa mikono miwili. Obed hakumpa hata kidole.

Tukatembea. Obed akashindwa kuvumilia.

"Bibi, ndiyo amenikataa?"

"Amekukataa, mume wangu. Lakini geuka umtazame."

Wiki nzima binti yule alikuwa anapitia migombani ili asionwe. Sasa alikuwa anarudi kwao katikati ya barabara, kichwa juu, akisalimia kila mlango.

Obed alisimama pale akimtazama mpaka alipoingia ndani. Sikumharakisha.