Kofia Kwenye Mkono wa Injini

Naandika haya kama toba, maana aliyepotea ni shemeji yangu, mume wa dada, na aliyewasha injini ni mimi.

Ile meli ya gurudumu, lile kubwa la mbao linalopiga maji na kuisukuma, ilibeba magogo mtoni miaka mingi, kisha ikatelekezwa kwenye matope. Tajiri mmoja akainunua iwe ya kutembeza watalii: viti laini, vioo, maua. Mimi nilikuwa fundi wa injini, shemeji seremala.

Meli zile zina sheria moja. Anayeingia ndani ya gurudumu kung'oa magugu maji yaliyonasa hutundika kofia yake kwenye mkono wa kuwashia injini. Kofia ikiwepo, hakuna kuwasha. Na huiondoa mwenyewe tu.

Tulikuta kofia nyeusi pale, imekakamaa kwa vumbi.

"Hiyo muiache," mlinzi mzee akasema. "Mwenyewe hajatoka."

"Tangu enzi za magogo? Basi kalala fofofo huyo!" Shemeji akaangua kicheko.

Mungu anisamehe kiburi changu. Nikajifutia nayo grisi ya mikononi, nikaitupa mtoni.

Siku ya majaribio tulifunga meli gatini. Saa sita mchana, jua la utosi, magugu yakalikwamisha gurudumu. Shemeji akatundika kofia yake nyekundu, akaingia. Nilipaswa nisibanduke. Nikatoka, eti kunywa maji.

Nikamsikia akiita, sauti ya chini.

"Shemeji, acha utani. Niachie mguu."

Nikadhani ananitania kwa ajili ya ile kofia. Nikanywa maji yangu yote.

Niliporudi, mkono wa injini ulikuwa wazi. Kofia haipo. Kwa sheria yetu, ametoka.

Sikuita. Sikuchungulia.

Nikawasha.

Gurudumu likazunguka mara moja. Likagoma.

Mimi na mlinzi tukalifungua ubao kwa ubao. Hakuna mtu. Hakuna damu. Kulikuwa na nyayo tu, za mtu pekupeku, zinachuruzika maji. Zilitoka gurudumuni hadi kwenye injini, zikashuka gatini, zikashika njia ya mjini.

Shemeji alivaa buti.

Dada hanisalimii tena. Huja kusimama mlangoni pangu. "Wewe ndiye uliyewasha. Nenda kamtoe."

Kofia nyekundu hatukuiona tena. Ila kesho yake, kwenye mkono wa injini, ilining'inia ile nyeusi. Imelowa. Ina alama za vidole vyangu, za grisi.

Nimesali mpaka magoti yamechubuka. Jana nikaipapasa kwa ndani. Ina jasho, bado la moto.

Na vumbi la mbao, jipya, la seremala.