Namba Baada ya Alama ya Kuuliza

Jamani majirani, sogeeni. Kila mmoja wenu ana simu mkononi, basi hii inawahusu.

Asubuhi ile nyumba ya fundi cherehani ilikuwa shwari. Yeye alikuwa akishona kola, mumewe akijipigia pasi shati (ndiyo, wapo waume wa hivyo, msinikodolee macho), na mdogo wake wa kiume, mtengeneza tovuti, amejikunja kwenye kochi na kompyuta mapajani. Ndiye aliyeijengea zahanati ya mtaa tovuti ya majibu ya vipimo. Ukipimwa, unatumiwa kiungo. Mwishoni mwa anwani, baada ya alama ya kuuliza, ipo namba yako. Programu huichomoa namba hiyo na kukufungulia majibu.

Dada yake alishawahi kumuuliza, "Na mtu akiibadilisha hiyo namba?"

Kijana alicheka. "Dada, nani ana muda wa kuhangaika na anwani kule juu? Shona wewe."

Mwenye muda alikuwepo. Kinyozi wa jirani, aliyepimwa sukari siku ileile aliyopimwa fundi wetu, alichoka kusubiri wateja, akaongeza moja kwenye namba yake, ikawa ya aliyemfuata foleni. Likatokea jina la fundi, na chini yake: mjamzito. Huyo mbio hadi mlangoni, meno yote nje.

"Hongera, baba kijacho! Mbona mnatuficha?"

Pasi ilisahauliwa juu ya shati mpaka likaanza kunuka moshi.

"Yaani mimi nijue kwa kinyozi?" mume aliuliza taratibu.

Mkewe aliweka sindano chini. "Mimba zile mbili za mwanzo nilikuambia siku ileile. Ukanunua viatu vidogo. Zilipotoka ukavificha uvunguni, ukidhani sioni. Safari hii nilitaka woga niubebe mwenyewe kwanza, mpaka daktari aseme imeshika. Habari hii ilikuwa yangu kuisema."

Kijana hakuwa na pa kuweka uso. "Ni mimi, shemeji. Programu yangu inasoma namba, lakini haimuulizi anayeileta ni nani."

Akapiga simu zahanati, akaeleza kosa lake bila kuzungukazunguka, tovuti ikafungwa. Alishinda akiirekebisha. Jioni aliingia kwa nywila yake mwenyewe, neno la siri ambalo sasa kila mgonjwa angekuwa na lake, akaandika namba ya dada yake. Ikajibu: "Majibu haya si yako."

"Afadhali," alisema dada. "Ila la asubuhi halifutiki, mdogo wangu."

"Najua, dada. Nisamehe."

Dada akamgusa shavu, akamtuma sokoni, ingawa hakukuwa na kitu cha kununua.

Mumewe aliketi sakafuni kando ya cherehani, akalaza kichwa gotini pake.

"Sasa niambie wewe," alisema. "Kama vile sijasikia."

Akamwambia. Kwa maneno gani, sijui. Wala mimi mbea wenu sikuuliza.

FUNZO

Kilichomo kwenye anwani, yeyote anaweza kukiandika. Enyi mnaotengeneza tovuti, msiishie kusoma namba. Hakikisheni anayeileta ndiye mwenyewe. Na sisi wengine, tukikuta mlango wa mwenzetu umesahauliwa wazi, tuurudishie, tupite zetu. Hata habari njema ina mwenye haki ya kuitoa.