Kilio Ndani ya Jiko

Kila alasiri akirudi shuleni, Mared alivua viatu vyenye matope, akazoa majivu ya jiko na kulitia makaa ya mawe. Lilikuwa jiko la chuma, jeusi na zito, lenye oveni juu na chini, limejaza ukuta mzima, na moto wake haukuruhusiwa kuzimika. Mared alikuwa amehamia shambani kwa bibi yake, Gwenno, baada ya Krismasi, na kazi aliyopewa ndiyo hiyo.

"Jiko lenu lina mwenyewe," binamu yake Ifan alimtania njiani siku moja. "Mama yake Bibi yumo humo. Likizimika tu, analia."

"Toka hapa! Muongo mkubwa wewe."

Siku hiyo Mared alipitia kwa kina Ifan, akanogewa na michezo. Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia, na moto umezimika. Akaogopa kugombezwa. Aliwasha vijiti haraka haraka, akajaza makaa, akafungua tundu la hewa mpaka mwisho. Mlango wa oveni ya chini ulikuwa wazi kidogo. Akaufunga kwa teke.

Moto ukaanza kunguruma. Kisha ndani ya jiko kitu kikalia.

Kilikuwa kilio chembamba, kama cha mtoto mchanga. Mared aliganda. Kikalia tena, na kitu kikakwaruza chuma kwa ndani.

Dirisha likagongwa, Mared nusura apige kelele. Alikuwa Bibi, mikono ina damu hadi viwiko. Kulikuwa na kondoo anazaa bandani.

"Moto haujazimika, mwanangu?"

"Haujazimika, Bibi."

"Haya. Basi huyo wa ndani hana neno." Akaondoka zake mbio.

Huyo wa ndani! Kumbe hata Bibi anajua! Kilio kilidhoofika, kikakatika, na kimya kile kilimtisha kuliko kilio chenyewe. Yeyote aliyekuwemo humo alikuwa anaungua, na yeye Mared ndiye aliyedanganya. Akatoka mbio, peku, kwenye matope.

"Bibi! Nimekudanganya! Moto ulizimika, nikauwasha mkali, na mlango wa oveni nimeufunga!"

Bibi alikimbia hadi jikoni, akafungua oveni, akavuta sweta kuukuu. Ndani yake mlikuwa na mwanakondoo, mdogo kama paka, ulimi nje, hajitikisi. Bibi alimlaza kwenye sakafu ya mawe, akampulizia puani, akamsugua mbavu. Mared alikuwa analia. Mara mwanakondoo akakohoa.

"Nilimkuta mchana amekaribia kufa kwa baridi," Bibi alisema akihema. "Vuguvugu la moto mdogo, mlango ukiwa wazi, huwaponya. Nilipaswa kukwambia, hilo kosa ni langu."

"Nisamehe, Bibi. Niliogopa utanigombeza."

"Ningekugombeza, ndiyo, na kesho tungekuwa tumeshasahau. Kuzimikiwa na moto si kitu, Mared, hata mimi umewahi kunizimikia. Lakini uliponiambia haujazimika nilikuamini, nikaenda zangu. Siku nyingine niambie ukweli ningali hapo dirishani."