Mstari Uliobaki Wazi

Hodi ya kwanza ilipigwa saa saba mchana, jua likiwa limekaa juu ya mabati ya Temeke, na Revelian alikuwa na tonge mkononi.

"Karibu," akasema, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Hakuingia mtu. Akanyanyuka, akafungua mlango, akachungulia uani. Mtungi, kamba ya nguo, kuku wa Bi Mwajabu mwenye nyumba wamejilaza kivulini. Basi. Akarudi mezani kula, akakuta wali wake umepoa. Wali alioupakua sasa hivi ukifuka moshi, jamani, ulikuwa baridi kama wa jana.

Hapo ndipo angeukumbuka mkataba wa chumba. Hakuukumbuka. Makarani ndivyo walivyo, wakishatia sahihi na kufungia karatasi sandukuni wanaona dunia yote imenyooka.

Mkataba wenyewe aliuandika kwa mkono wake. Bi Mwajabu angeridhika na neno la mdomo mbele ya jirani mmoja, kama mtaa mzima ulivyofanya, lakini Revelian alikuwa Mhaya wa shule ya misheni, karani wa ghala la mkonge kule bandarini, akasema bila karatasi hapangi. Akaketi barazani na kalamu yake. Akaandika jina la mwenye nyumba na jina la mpangaji, chumba ni kipi, kodi kiasi gani na inalipwa siku gani, paa likivuja anaziba nani, uani anafagia nani, na kwamba anayetaka kuvunja mkataba atoe notisi ya mwezi mmoja. Kisha akaandika: Wakaao chumbani ni wawili. Wa kwanza akajiandika yeye. Wa pili akaacha mstari mtupu, maana mkewe Adelina alikuwa bado Bukoba kwa wazazi wake, na Revelian alitaka raha ya kuliandika jina hilo siku atakayoshuka kwenye treni. Chini yake akamalizia kwa kujivuna: Asiyeandikwa hapa hatakaa humu. Nakala zikawa mbili, moja yake, moja ya mwenye nyumba.

"Ujaze mstari huo, mwanangu," Bi Mwajabu alimwambia. "Na uandike na hili. Mpangaji wa chumba cha uani haitikii hodi ya kwanza ya mchana. Angoje ya pili. Mtu atarudia. Mwenzetu yule harudii."

Revelian alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Bibi, mambo hayo hayaandikwi kwenye mkataba!"

"Haya. Mie nimesema." Akapiga dole gumba lake kwenye nakala zote mbili, akaenda zake jikoni.

Miezi minane ikapita. Kila siku adhuhuri alipanda baiskeli kutoka bandarini kuja kula, na kila siku alikula peke yake. Watu wa Temeke hawakuwa wabaya. Walimsalimu, wakapita. Hakuna aliyejua Kihaya, hakuna aliyejua kwamba alipokuwa mdogo aliogopa radi ya ziwani. Kuna upweke wa mtu aliyefiwa, huo watu huja kukaa nawe. Upweke wa karani mgeni hakuna anayeukalia matanga.

Ndiyo maana, kesho yake baada ya wali ule kupoa, hodi ilipopigwa saa ile ile, mara moja tu, akaitikia tena. Alijua hakuna mtu. Lakini kumkaribisha mtu kwa sauti kulikuwa afadhali kuliko kusikiliza nzi. Kesho kutwa akavuta kigoda cha pili. Baada ya wiki akawa anazungumza nacho, kwa Kihaya. Akasimulia kazi yake, safari yake, na zaidi ya yote akasimulia habari za Adelina: jinsi anavyokohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito, jinsi anavyoburuta mguu wa kushoto akichoka.

Chumba kilikuwa kikinukia udi tangu hodi ile ya kwanza, naye akadhani ni jirani anafukiza nguo. Sasa udi ukapungua, na mahali pake ikaja harufu ya senene wa kukaanga, panzi wale wa kwao Bukoba, katika mtaa ambao hakuna aliyewahi kuwaona, ikawa inamsubiri mlangoni anapofika, inakaa naye mezani, inamsogelea mpaka begani, na nyuma yake kanga ikapita ikichakacha sakafuni, na mguu mmoja ukaburuta, taratibu, kutoka ukutani hadi kwenye kigoda, na kigoda kikalia kama kinavyolia kikikaliwa.

Siku hiyo Bi Mwajabu alimngoja kisimani.

"Mchana unazungumza na nani?" akamnong'oneza.

"Peke yangu, bibi."

"Peke yako, na mie nasikia wawili mnacheka?"

Revelian akatumbukiza ndoo kisimani.

"Unaitikia, siyo? Na jina la mkeo, umemtajia?"

"Nimemwambia kila kitu," akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo, mtu mzima. "Sina mtu mwingine wa kumwambia."

Bibi hakumgombeza. Alifukiza ubani chumbani kona kwa kona, akaosha kizingiti kwa marashi. "Usiitikie hodi ya kwanza mpaka mkeo afike. Siku hiyo umlete kwa mkono wako, uandike jina lake kabla hajavuka mlango. Umesikia?"

Alisikia. Siku sita hodi ikapigwa, akauma ulimi. Wali ukabaki wa moto. Ikaja simu ya maandishi ya posta: Adelina anafika Ijumaa.

Alhamisi, saa saba, ikaja hodi kwa Kihaya.

Ilikuwa sauti ya Adelina. Imechoka, na kikohozi kile kidogo mbele. Labda posta wamekosea siku. Revelian akasimama katikati ya chumba, akingoja ya pili. Haikuja. Akasikia mzigo ukiwekwa chini, mtu akishusha pumzi, kisha nyayo zikianza kuondoka, mguu wa kushoto ukiburuta juu ya mchanga, zinaondoka kweli, zinafika kwenye kona ya nyumba, na miezi minane yote ya kula peke yake ikamshinda.

"Karibu! Adelina, karibu, mke wangu!"

Akaufungua mlango. Jua tupu, na kuku wamelala. Nyuma yake, ndani, harufu ya senene ikajaa chumba kizima. Hakugeuka. Alitoka hivyo hivyo, akafunga kufuli, akaenda kulala kwa karani mwenzake Kariakoo.

Ijumaa akampokea Adelina stesheni, akamshika mkono wa kweli wenye joto, akalia mbele za watu bila haya. Walipofika Temeke Bi Mwajabu alikuwa uani tayari, nakala yake ya mkataba mkononi.

"Shikamoo, mama," Adelina akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza mumeo aandike."

Lakini Adelina alilelewa vizuri naye. Alikuwa ameshafika mlangoni na kikapu chake. "Hodi," akasema.

"Karibu," sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka ndani.

Kufuli lilikuwa bado linaning'inia nje. Revelian akaipokea karatasi ya bibi, akaikunjua. Mstari wa pili ulikuwa umejaa, kwa wino wake, kwa mwandiko wake mzuri wa ghalani: Adelina.

"Pameandikwa nini?" Bi Mwajabu akanong'ona. Herufi hizo hakuzijua.

Macho ya Revelian yalikuwa yameshuka kwenye mstari wa chini, ule aliouandika kwa kujivuna: Asiyeandikwa hapa hatakaa humu.

"Revelian," Adelina akasema, kikapu kikimponyoka, "nani yumo humo, na mbona ana sauti yangu?"

Kikohozi kidogo kikasikika nyuma ya mlango.

"Mwambie mgeni arudi kwao," sauti ikasema kwa Kihaya, kwa upole. "Njoo, mume wangu. Wali wako unapoa."